Ukishampima, Ni Wako: Presha na Sukari katika Zahanati za Uluguru

Kila Agosti viwanja vya Nane Nane vya Morogoro hujaa watu kutoka mikoa yote ya Kanda ya Mashariki. Kati ya mabanda ya mbegu na matrekta huwapo pia meza za afya, na foleni zake ni ndefu, kwa sababu watu wanataka kupimwa presha na sukari bure. Ni jambo jema, na wanaolifanya wanastahili shukrani. Swali langu linahusu Septemba. Yule aliyeambiwa kwamba presha yake iko juu, kisha akapanda gari kurudi Kinole, Matombo au Mgeta, amekabidhiwa kwa nani?

Naliuliza kwa uzito kwa sababu kupima watu wasiojihisi wagonjwa ni kazi tofauti na kutibu aliyekuja analia maumivu. Mgonjwa wa malaria hutufuata mwenyewe. Mwenye presha hatufuati, sisi ndio tunaomfuata, tunamsimamisha akiwa na nguvu zake na kumwambia ana ugonjwa ambao ataishi nao hadi mwisho wa maisha. Tukishatamka neno hilo tumejitwika wajibu wa miaka. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Wilson na Jungner kuhusu kanuni za uchunguzi wa afya kwa watu wasio na dalili, na mpaka leo kanuni hizo ndizo zinazofundishwa. Zinataka kuwe na tiba inayokubalika, kuwe na mahali pa kuthibitisha ugonjwa na kuutibu, na kazi ya kutafuta wagonjwa iwe ya kuendelea, isiwe tukio la siku moja. Kwa kipimo hicho, kambi nyingi tunazozisifu zimefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Msimamo wangu ni huu: kliniki ya presha na sukari iwe katika zahanati ya kijiji, na tuihukumu kwa idadi ya watu ambao mwaka mmoja baada ya kupimwa bado wanatumia dawa na presha yao imeshuka. Idadi ya waliopimwa peke yake haitoshi.

Morogoro ilikwisha kuhesabu

Wapo wanaodhani haya ni magonjwa ya mjini, ya watu wa ofisini na wenye magari. Takwimu za Morogoro yenyewe zilikanusha dhana hiyo zamani. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilifuatilia vifo vya watu wazima katika maeneo matatu: sehemu ya Dar es Salaam, Wilaya ya Hai na Wilaya ya Morogoro Vijijini. Wahojaji walikwenda kwenye nyumba zilizofiwa, wakauliza dalili za marehemu, na madaktari wakapima maelezo hayo ili kukadiria chanzo cha kifo.

Matokeo ya kiharusi yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, Morogoro Vijijini ilipoteza kwa kiharusi wanaume 35 na wanawake 27 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha tofauti za umri. England na Wales zilikuwa na takriban 11 na 9. Mkulima wa wilaya iliyobeba miteremko ya Uluguru, anayetembea kwa miguu kila siku na kula mboga za shambani kwake, alikuwa katika hatari ya kufa kwa kiharusi mara tatu kuliko Mwingereza wa umri wake. Watafiti walielekeza kidole kwenye presha isiyotibiwa, na sijaona sababu ya kuwapinga.

Sukari ilikuwa na historia nyingine. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake, akiwemo Andrew Swai, walichapisha uchunguzi wa watu 6,299 katika vijiji sita vya Tanzania, wakakuta kisukari kwa asilimia 0.87 tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1 kwa sukari na karibu asilimia 26 kwa presha. Umri wa waliopimwa na njia za kupima zilitofautiana, hivyo namba hizi mbili za sukari hazifai kutolewa moja kwa nyingine kama hesabu za dukani. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuelezwa na njia za kupima peke yake.

Morogoro Vijijini ina fundisho la pili, na hili lilisikika duniani kote. Katika miaka ya 1990 wilaya hiyo pamoja na Rufiji ziliingia katika mradi uliojulikana kwa kifupi TEHIP, chini ya Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha Canada, IDRC. Timu za wilaya zilionyeshwa kitu rahisi sana: magonjwa yanayochukua maisha ya watu wao, yakiwa yamepangwa ubavuni mwa fedha zinazotumika kwa kila ugonjwa. Morogoro iligundua kwamba malaria ilichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya maisha inayopotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 ya bajeti. Wakahamisha fedha, wakapewa nyongeza ambayo haikufika dola moja kwa mtu kwa mwaka, na vifo vya watoto katika wilaya hizo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache.

Takwimu za vifo zilizowasaidia watoto zilikuwa zimebeba pia habari za kiharusi cha wazazi wao. Ukurasa wa watoto ulisomwa na kufanyiwa kazi. Ukurasa wa watu wazima ulibaki kwenye majarida ya kitaaluma, na hilo ndilo deni ninalotaka Morogoro ililipe.

Hesabu ya kijiji kimoja

Tuchukue kijiji chenye watu wazima 1,000 wa miaka 25 hadi 64, tutumie kiwango cha taifa cha presha. Hapo kuna takriban watu 260 wenye presha ya juu. Utafiti uliofanywa Ilala na Hai, uliochapishwa pia mwaka 2000, ulikuta kwamba chini kidogo ya asilimia 20 ya wenye presha walijua hali yao, karibu asilimia 10 walisema wanapata matibabu, na wale ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika asilimia 1. Ukiviweka viwango hivyo katika kijiji chetu, wanaojua ni kama 50, wanaotibiwa ni 26, na ambao presha yao imeshuka hawafiki watatu.

Sasa tazama mahali watu wanapopotea. Kati ya 260 na 50 kazi inayohitajika ni kupima. Kati ya 50 na watatu kazi inayohitajika ni kliniki: dawa kuwepo, mtu kurudi, dozi kupandishwa isipotosha. Tukiwapima wote 260 bila kugusa sehemu ya pili, tutapata kijiji chenye watu 260 wanaojua kwamba ni wagonjwa na ambao bado watapata kiharusi.

Kwa Uluguru hasara hiyo ina uzito wake. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hupita upande wa mama, na mwanamke wa miaka 55 mara nyingi ndiye mwenye shamba, ndiye mlezi wa wajukuu, ndiye anayejua mipaka iko wapi. Akipooza upande mmoja, binti mmoja huacha kazi zake ili amwogeshe na kumlisha, na shamba la mteremkoni linakosa mikono minne kwa pamoja.

Kitabu kinachohesabu safari

Ingia katika zahanati yoyote ya mlimani ufungue kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, kile cha wagonjwa wa nje. Kila mstari ni safari moja: tarehe, jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Mama mwenye presha akija Machi ana mstari wake, akija Juni ana mstari mwingine kurasa nyingi mbele, na hakuna kinachounganisha mistari hiyo miwili. Asipokuja Septemba, kitabu hakisemi neno. Mganga mfawidhi mwenye bidii kuliko wote hawezi kumtafuta mgonjwa ambaye daftari lake halimwonyeshi kwamba hayupo.

Kwa mtoto tunafanya vingine. Mtoto ana kadi, ana mstari wake katika daftari la chanjo na ukuaji, na nafasi tupu kwenye mstari huo humwambia muuguzi kwamba fulani hajachanjwa. Mwenye virusi vya Ukimwi naye, tangu kliniki za tiba na matunzo, CTC, zilipoanza mwaka 2004, ana namba ya kudumu, kadi, tarehe ya kurudi, na watu wanaomfuatilia akikosa. Mfumo huo ulijengwa kwa fedha nyingi za wafadhili, hasa Marekani, fedha ambazo mwaka 2025 zilitikiswa vibaya. Lakini namba ya kudumu, daftari lenye mstari mmoja kwa mtu mmoja, na mtu wa kugonga mlango havihitaji Washington. Vinahitaji karatasi, kalamu na uamuzi wa halmashauri.

Ninachotaka ni daftari la presha na sukari katika kila zahanati: mtu mmoja mstari mmoja, visanduku vya robo nne za mwaka, na katika kila kisanduku namba ya presha na dawa aliyopewa. Mwisho wa robo mfawidhi aweke duara penye nafasi tupu. Majina yenye duara yaende kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao Januari 2024, ukilenga zaidi ya watu 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Hapa kuna kazi inayowafaa kikamilifu, kwa kuwa wao ndio wanaojua nyumba ya bibi fulani iko juu ya kijito kipi.

Namba isiyo na maana

Kliniki ikianza, ianze na kipimo sahihi, maana hapa tunakosea kuliko tunavyokubali. Mama amepanda kutoka bondeni kwa saa nzima, na ndizi kichwani za kupitisha sokoni. Anafika anahema. Mkanda unafungwa juu ya mkono wa blauzi, mkono unaning'inia, anaulizwa habari za wajukuu huku mashine inajaa upepo. Inasoma 158/96. Anaandikiwa dawa, au anatishwa na kurudishwa nyumbani. Namba hiyo imechanganya mlima, mazungumzo, mkono ulioning'inia na pengine ugonjwa, na hakuna awezaye kusema kila kimoja kimechangia kiasi gani.

Utaratibu ulio sawa hauna gharama. Apumzike akiwa amekaa kwa dakika tano, awe ametoka haja ndogo, na asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa. Mgongo uegemee, nyayo zikanyage chini, miguu isipishane. Mkono uwe wazi, ulale juu ya meza usawa wa moyo. Wote wawili wanyamaze. Apimwe mara mbili, kwa nafasi ya dakika moja au mbili. Mkanda uendane na unene wa mkono, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza namba. Kisha arudi siku nyingine: 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti ndipo tuseme ana presha, isipokuwa namba iko juu sana au ana dalili za hatari. Kwa sukari, 7.0 mmol/L au zaidi akiwa amefunga usiku kucha, nayo irudiwe kama hana dalili.

Benchi kivulini nje ya zahanati, ambapo mtu anapumzika kabla ya kuitwa, ni kifaa cha tiba kwa watu wa milimani. Kamati ya zahanati inaweza kulitengeneza kwa mbao mbili.

Tiba ndani ya safari ileile

Tunao mfano mzuri wa uchunguzi unaotimiza ahadi yake. Katika kuchunguza mlango wa kizazi, muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa makali na kusubiri kama dakika moja. Eneo lenye mabadiliko hugeuka jeupe, na likiwa dogo na linafaa kutibiwa, hutibiwa hapohapo kwa baridi kali au kwa joto. Mwanamke aliyetoka mbali hahitaji kurudi kwa ajili ya majibu. Walioupanga utaratibu huo walikubali ukweli mmoja, kwamba kila safari ya ziada hupoteza watu.

Presha haitibiwi kwa safari moja, lakini safari zinaweza kupunguzwa. Kwanza, dawa iwe karibu. Orodha ya taifa ya dawa muhimu hupanga kila dawa kwa ngazi ya kituo: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, na kuendelea. Dawa ya presha inayosubiri ngazi za juu ni sawa na haipo kwa mtu wa Tegetero, kwa kuwa kila kidonge kitakuwa na nauli ya kwenda mjini na siku nzima ya kazi iliyopotea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeruhusu wahudumu wasio madaktari kutoa dawa za presha, mradi wana mafunzo, mamlaka ya kuandika dawa, mwongozo wa hatua za kufuata na usimamizi wa daktari. Hatua hizo zinaenea ukurasa mmoja ukutani: anza na amlodipini, ongeza dozi, ongeza dawa ya pili, na ikishindikana mpe rufaa.

Pili, dawa zitolewe kwa kufuata majira. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na masika ikishika, barabara hukatika na njia huporomoka. Mgonjwa aliyetulia apewe vidonge vya miezi mitatu kabla ya Machi kuisha, kama tunavyowapa wa CTC dawa za miezi mitatu hadi sita. Hapo zahanati nayo iwe imeagiza mapema Bohari ya Dawa. Wagonjwa 260 wanaomeza kidonge kimoja kwa siku wanahitaji vidonge 7,800 kwa siku 30. Ombi la makopo mawili matatu halikutokana na hesabu ya watu.

Tatu, mazungumzo yaende na maisha ya watu. Wengi huacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri, wakiamini wamepona. Aelezwe siku ya kwanza kwamba kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa, na kwamba presha ikirudi haitampigia hodi. Ramadhani ikikaribia, kidonge cha mara moja kwa siku kihamishiwe futari au daku, na mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini, aonane na mhudumu kabla mwezi haujaandama ili dozi zipangwe upya. Anayetumia kitunguu saumu au mlonge asidhihakiwe. Aambiwe aendelee kula, na asiache kidonge.

Wanaume ni mtihani wa peke yake. Mwanamke huja zahanati na mtoto, hivyo apimwe siku hiyo hiyo. Mwanaume wa miaka 45 haji mpaka abebwe. Afuatwe kwenye soko la Nyandira wakati kabichi zinapakiwa, afuatwe kijiwe cha bodaboda, kwa sharti moja: anayempima ni mhudumu wa zahanati ya eneo lile, na jina lake linaingia daftarini papo hapo.

Pingamizi lenye haki

Wafawidhi wataniambia: zahanati ina watumishi wawili, kuna uzazi usiku na chanjo asubuhi, na wewe unatuongezea watu 260. Wana haki ya kusema hivyo. Ila hesabu inawatetea wao pia. Tukiwaita wote kila mwezi, ni mahudhurio 260 kwa mwezi, na zahanati itazama. Wakishatulia wote tukawaita kila miezi mitatu, yanabaki kama 87 kwa mwezi, sawa na 20 hivi kwa wiki, mzigo wa asubuhi moja. Muuguzi anapima, mfawidhi anaona wale ambao namba zimepanda tu. Na kila kiharusi kinachozuiwa kinaondoa rufaa moja ya usiku kwenda hospitali ya mkoa.

Fedha nazo zina njia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya zahanati, yenye wanakijiji ndani yake, hukaa mezani kupanga matumizi. Mashine nzuri ya presha, mikanda ya saizi mbili, betri na vijiti vya kupimia sukari viingie katika mpango huo kama zinavyoingia sabuni na mafuta ya taa. Bima inasaidia: Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipoanza mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita ilichangia Sh 30,000 kwa mwaka, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imepanua lengo hilo. Lakini kadi ya bima haimsaidii mtu mbele ya kabati tupu la dawa, wala msamaha wa mzee wa miaka 60 haununui kidonge kilichokwisha.

Mwaka 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, na tangu hapo hotuba nyingi zimetolewa. Naomba halmashauri za Morogoro na Mvomero zianze na taarifa ya namba tatu, isomwe kila robo mwaka mbele ya madiwani, zahanati kwa zahanati: wangapi wamepimwa, wangapi wameanza dawa, na wangapi kati ya walioanza mwaka uliopita wana presha chini ya 140/90. Diwani aulize kuhusu namba ya tatu kabla ya ile ya kwanza. Zahanati ambayo namba yake ya tatu iko chini ipelekewe dawa na msimamizi, isipelekewe lawama.

Mpaka namba hiyo ya tatu ianze kusomwa, kambi za kupima ziendelee kwa sharti kwamba kila anayekutwa na tatizo anaondoka na jina la zahanati yake na tarehe ya kurudi, na zahanati hiyo inapelekewa jina lake ndani ya wiki. Mwandaaji wa kambi asiyeweza kufanya hivyo apunguze meza za kupima na aongeze makarani. Wilaya iliyowahi kuionyesha dunia kwamba fedha kidogo zikifuata takwimu huokoa watoto inaweza kuonyesha kwamba zinaokoa na mama zao, na kazi hiyo haihitaji utafiti mwingine kuanza.